Binti kaambiwa fizikia ni ya wavulana, nifanyeje?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu, aya moja, kwamba watoto wa shule za kata na wa vijijini hawaichukii sayansi, ni sisi watu wazima ndo tunawachukiza nayo. Basi meseji zikamiminika mpaka mhariri akasema safari hii kurasa zote za maswali ziwe za mada hiyo. Nyingine nimezifupisha maana kuna mtu kaandika kama wosia, na majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu niko Singida, nauza vitunguu. Binti yangu wa kwanza yuko kidato cha pili shule ya kata, tangu mdogo anapenda hesabu na kujua kitu kinafanyaje kazi, hata redio ikiharibika yeye ndo anaifungua. Mwaka huu kabadilika. Anasema akifika kidato cha tatu anaacha fizikia na kemia anaenda arts kwa sababu mwalimu wao anawaambia wasichana wasijisumbue, fizikia ni ya wavulana, na akiuliza swali darasani wenzake wanamcheka. Baba yake naye anasema mwache tu asije akafeli. Mimi niliishia la saba mwalimu, nimsaidieje wakati hata hayo madaftari siyaelewi?

JIBU: Marahaba mama, pole na biashara.

Nianze na hilo la kuchekwa maana naliona ni kubwa kuliko hata hilo la mwalimu. Mwaka 1963 pale Magamba sekondari, Lushoto, kulikuwa na kijana wa kidato cha tatu anaitwa Erasto Mpemba. Wanafunzi walikuwa wanajitengenezea aiskrimu, unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe ndo unaweka kwenye friza. Siku hiyo nafasi kwenye friza inagombaniwa, Mpemba akaona akisubiri yapoe atakosa, akayatia hivyo hivyo ya moto. Mwenzake kaweka ya kwake ambayo hakuyachemsha. Baada ya kama saa moja na nusu wanafungua, ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado uji uji. Kamuuliza mwalimu wa fizikia, kaambiwa umechanganya mambo, haiwezekani. Akaenda zake Mkwawa, Iringa, kusoma kidato cha tano, akauliza tena, mwalimu wa huko akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba siyo fizikia ya dunia, na darasa likaidaka ikawa ndo utani, akikosea hata hesabu wanamwambia hiyo sasa hesabu ya Mpemba. Sasa ikatokea mhadhiri wa fizikia wa chuo kikuu Dar, Denis Osborne, kaja pale shuleni kutoa mhadhara, akaruhusu maswali, Mpemba akanyoosha mkono akauliza lile lile na wenzake wakacheka tena. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar akamwambia fundi wa maabara ajaribu, na majibu yakatoka kama kijana alivyosema. Mwaka 1969 wakaandika pamoja kwenye jarida la fizikia huko Uingereza, na mpaka leo wanasayansi duniani wanaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba, na bado wanabishana linatokea kwa nini na wakati gani hasa.

Msimulie binti yako hiyo, tena mwambie na kile wasichosema wanaoisimulia, kwamba huyo alikuwa mvulana, kuchekwa kwake kuliishia kwenye utani, hakuna aliyemwambia kwamba anachekwa kwa sababu ya jinsia yake. Kwa binti ni mzigo mara mbili. Kwa hiyo usimwambie tu "usijali maneno ya watu", maana anajali, ana miaka 15 sijui 16 na hao ndo watu wake wa kila siku. Mtafutie mahali pamoja ambapo swali lake halichekwi. Mahali hapo panaweza kuwa wewe.

Najua utasema huelewi madaftari. Huna haja ya kuyaelewa. Jioni moja au mbili kwa wiki mwambie akueleze alichosoma, kwa Kiswahili, kama anavyokuelezea habari za jirani, na pale usipoelewa sema sijaelewa rudia. Akikwama kueleza, hapo hapo ndo pale ambapo hajaelewa na yeye, ataenda kusoma tena bila wewe kumwambia. Watoto wetu wanasoma sayansi shule ya msingi kwa Kiswahili halafu kidato cha kwanza ghafla kila kitu Kiingereza, wengi wanakariri sentensi nzima bila kujua inasema nini na mwisho wanaamini wao ni wazito kumbe hawakuwahi kuambiwa kitu hicho kwa lugha wanayoiota usiku. Mtoto akishakijua kwa Kiswahili, Kiingereza chake ni kazi ya kukariri maneno machache tu.

Jambo la pili ni muda, na hapa nitakuudhi kidogo unisamehe. Nyumba nyingi nilizopita saa kumi na moja jioni binti yuko bombani na ndoo, saa moja anasonga ugali, saa mbili anaosha vyombo, saa tatu ndo anashika daftari la fizikia kwa tochi ya simu huku anasinzia. Kaka yake saa kumi na moja yupo uwanjani, saa moja yupo na daftari. Matokeo yakitoka tunasema wavulana wana akili ya sayansi! Fizikia haisomwi kwa kusoma kama historia, ni kukokotoa maswali, unakosea unarudia, inataka saa nzima ya kichwa kisichosinzia. Kama unaweza kumpa saa hiyo moja kabla giza halijaingia, kazi nyingine wakagawana na wadogo zake, utakuwa umemfanyia makubwa kuliko tuisheni.

Tatu, baba yake. Usibishane naye kuhusu usawa wa jinsia, mwambie habari za vyuo. Akiacha fizikia na kemia kidato cha tatu hafungi mlango wa udaktari peke yake, anafunga hata uuguzi, maana vyuo vya uuguzi vya diploma vinaangalia bailojia, kemia na fizikia kwenye cheti cha kidato cha nne. Na hawaulizi A, wanauliza ufaulu. Baba anayeogopa D ya fizikia ajue kwamba D hiyo hiyo ni ufunguo na kutokuwepo kabisa kwenye cheti ni kufuli. Akifanya vizuri zaidi ndo kuna kidato cha tano, siku hizi ada imeondolewa, na serikali imejenga shule za wasichana za sayansi za mikoa ambazo binti wa shule ya kata anaweza kabisa kupangiwa.

Kuhusu huyo mwalimu, usiende kwa shari. Nenda na baba yake kama atakubali, muone kwanza mwalimu wa taaluma, sema binti yangu anataka kuendelea na sayansi naomba mnisaidie, na hayo maneno anayoambiwa yataje kwa utulivu. Walimu wengine wanasema hivyo kwa mazoea tu na wakisikia mzazi kafuatilia wanajirekebisha, siyo wote, ila wengi.

Na mtafutie mtu wa kumuona. Watu watakutajia kina Profesa Julie Makani wa Muhimbili anayetafiti selimundu, na kweli ni fahari yetu, ila kwa mtoto wa Singida huyo ni kama mtu wa kwenye kalenda. Yule dada wa maabara kwenye kituo cha afya anayepima malaria kwa darubini anafaa zaidi, muombe tu siku moja asiyo na foleni amuonyeshe binti vimelea kwenye kioo. Atakaporudi nyumbani ndo utajua kama kweli anataka arts. Na kama bado anaitaka baada ya hayo yote, basi mwache aende, ila awe kachagua mwenyewe.

SWALI: Habari mwalimu. Mimi ni mwalimu mwenzako, ajira mpya, nimepangiwa Simanjiro, nafundisha kemia na bailojia. Jengo la maabara lipo ila ndani ni meza na sinki zisizotoa maji, vifaa hamna. Watoto wengi ni wa wafugaji, kiangazi wengine wanapotea wiki kadhaa wamehama na mifugo, na darasani wako kimya kama hawapo. Nimewahamasisha sana wasome wawe madaktari na mainjinia, wananitazama tu. Nimeanza kukata tamaa.

JIBU: Karibu kazini mwalimu, na pole.

Hotuba ya madaktari na mainjinia iweke kabatini kwanza. Unamwambia mtoto awe kitu ambacho hajawahi kukaa nacho meza moja, halafu vitu anavyovijua hujamuuliza. Muulize hivi, ndama akiugua ndigana mnajuaje? Kaa kimya usubiri. Kwanza watatazamana, halafu mmoja atasema tezi chini ya sikio zinavimba, mwingine ataongeza anakohoa, anatoka povu puani, mwingine atakwambia mahali pa kupapasa, ukiwa na bahati watabishana kwa Kimaasai na wewe utakuwa ndo mgeni darasani kwako. Hapo umeshapata vipindi vitatu vya bailojia. Kupe ndo msafirishaji, ndani ya kupe kuna kimelea cha seli moja, nyati anacho na hafi, ng'ombe anakufa, kwa nini? Halafu chanjo yake, ambayo ilitafutwa pale Muguga nchini Kenya, ndama anadungwa vimelea hai vya ndigana kabisa pamoja na antibayotiki ya kukaa mwilini muda mrefu, yaani anauguzwa kidogo kwa makusudi ili mwili ujifunze. Watoto wako wengi wameshaona ndama wa chanjo ana hereni sikioni na wanajua mnadani anauzwa ghali kuliko asiye nayo. Ukishafika kwenye kinga ya mwili kwa njia hiyo hakuna anayekutazama tu.

Kemia sasa. Nunua manjano ya unga ile ya kupikia, paketi ndogo. Koroga na maji kidogo au spiriti, paka kwenye vipande vya karatasi nyeupe, anika. Hiyo ndo karatasi yako ya kupimia asidi na besi. Tone la maji ya majivu yaliyochujwa likigusa karatasi inageuka nyekundu ya udongo hapo hapo mbele ya macho, magadi vilevile, sabuni ya kipande vilevile (kila mama aliyewahi kufua doa la mchuzi wa manjano kwa sabuni ameiona hiyo rangi akadhani nguo imeharibika). Kwenye asidi karatasi inabaki njano, kwa hiyo kupima asidi unaanza na ile iliyogeuka nyekundu, unadondoshea limau au maziwa ya mgando, unaona njano inarudi. Waambie walete kila mtu kitu cha nyumbani cha kupima. Usiwape majibu kabla, waandike kwanza wanavyodhani.

Na somo la tatu halitaki hata paketi ya manjano. Simika kijiti cha kama mita moja uwanjani wima kabisa, kuanzia saa tano na nusu mchana weka kokoto kwenye ncha ya kivuli kila dakika kumi mpaka saa saba na nusu. Watoto wote watasema kivuli kifupi kitakuwa saa sita kamili. Hakitakuwa. Huko kwenu kitakuja kama saa sita na nusu, kwa sababu saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki ambao unapita Somalia, na sisi tuko magharibi yake, jua linachelewa kutufikia. Ukifanya hivyo kama Machi 10 hivi au mwanzoni mwa Oktoba, kivuli cha kijiti kinapotea kabisa. Mtoto anayechunga ameangalia vivuli maisha yake yote, hapa ndo mara ya kwanza shule inamuuliza kuhusu kitu anachokijua.

Kitu kimoja uangalie ukiwagawa makundi. Wavulana watashika kijiti na karatasi, wasichana watapewa daftari wawe makarani. Inatokea kila mahali, hata mijini, na walimu hatuioni kwa sababu daftari la kundi linakuwa safi. Badilisha kazi katikati ya kipindi, aliyekuwa anaandika ashike.

Wanaohama na mifugo usiwapoteze. Akirudi asipokelewe kwa fimbo wala kwa "ulikuwa wapi", mpe mwenzake wa kumfuatisha, na kabla hajaondoka mpe kazi ya kwenda nayo, ahesabu kupe kwenye masikio ya ng'ombe watano kila Jumamosi, au apime mvua kwa chupa ya plastiki iliyokatwa, aandike. Akirudi na karatasi hiyo yeye ndo ana data ambayo darasa zima halina.

Watu watakutajia Bruda Peter Tabichi wa Keriko, kule Njoro, Kenya, aliyepata tuzo ya mwalimu bora wa dunia mwaka 2019, shule yenye kompyuta moja na wanafunzi wake wakafika mashindano ya sayansi Marekani. Ni mtu wa kuigwa kweli. Ila sipendi watu wanavyoitumia habari yake kwamba alikuwa anagawa asilimia 80 ya mshahara wake, kama vile dawa ya shule maskini ni mwalimu asiyekula. Wewe una mkopo wa chuo, tulia na mshahara wako. Cha kuiga kwake ni klabu ya sayansi na kuwaamini wanafunzi na miradi yao wenyewe. Na kwa hilo sisi tuna mashindano ya Young Scientists Tanzania, yalianzishwa mwaka 2011 na Dkt. Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry, wanapokea miradi ya shule za serikali kutoka mikoani na washindi wamekuwa wakipata ufadhili wa chuo kikuu. Mradi wa kuhesabu kupe unatosha kabisa kuanzia, wengi wanaoshinda pale hawaji na roboti, wanakuja na tatizo la kijijini kwao.

SWALI: Asalaam alaykum mwanangu. Mimi bibi yako nipo Jambiani, nalima mwani. Nina mjukuu wa miaka tisa anakaa na mimi, kila tukienda pwani maswali, kwa nini leo maji yamekwenda mbali, kwa nini jana hayakwenda, kwa nini mwani unakufa. Mimi sikusoma skuli, nimesoma chuo cha Kurani tu, nachelea nisimpe uongo. Nimnyamazishe?

JIBU: Waalaykum salaam bibi, shikamoo. Usimnyamazishe kabisa.

Wewe unajua zaidi ya vitabu vyake vya skuli. Bamvua unaijua inakuja mwezi ukiandama na tena ukiwa mpevu, na maji mafu yanakuja katikati ya hapo. Hiyo ndo sayansi yenyewe, kinachobaki ni sababu, na sababu ni kwamba mwezi unayavuta maji ya bahari na jua nalo linavuta, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu vyote viwili vinavuta kwenye mstari mmoja basi maji yanajaa sana na kutoka sana, nusu mwezi vinavuta kwa pembe, nguvu inapungua. Mpe mjukuu mti wenye alama za chaki au mikato ya kisu, auchomeke pale pwani awe anasoma maji yamefika alama ya ngapi na saa ngapi. Ataona mwenyewe kwamba kila siku maji yanachelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana. Hakuna mtoto wa mjini mwenye maabara ya hivyo.

La mwani ni zuri zaidi kwa sababu hata wakubwa wanalihangaikia. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza huko kwenu mwaka 1989, na wewe unajua ule wa kotoni ndo wenye bei na ndo unaokufa, spinosamu unavumilia ila bei yake ndogo. Maji ya pwani yanapata joto kupita kiasi kwa kotoni, unadhoofika, unaingia maradhi, unakatika. Kuna mtafiti mwanamke aliyefanya kazi pale Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, Dkt. Flower Msuya, miaka mingi kafanya kazi na wakulima wanawake kama wewe, mojawapo kujaribu kupanda kwenye maji ya kina kirefu ambako ni baridi zaidi. Shida yake wanawake wengi hawakufundishwa kuogelea wala hawana vyombo. Basi bibi, mjukuu huyu akiwa wa kike au wa kiume mfundisheni kuogelea mapema, halafu akiuliza kitu hukijui mwambie sikijui, tuandike tumuulize mwalimu. Kusema sikijui si uongo.

SWALI: Salaam mwalimu. Naandika kutoka Malindi, ni fundi wa mashua. Msichana wangu yuko gredi ya sita, ameshika maneno kwamba atafanya kazi ya roketi. Majirani wanamcheka, ati msichana wa Kigiriama na roketi wapi na wapi. Kusema kweli hata mimi huwa nacheka. Si bora nimwambie achague kitu cha maana?

JIBU: Salaam fundi. Wewe mtu wa Malindi ndo unauliza roketi wapi na wapi!

Mchukue msichana umpandishe matatu mwende Ngomeni, kaskazini yenu kidogo tu hapo. Zile nguzo zinazosimama baharini ni kituo cha San Marco cha Waitaliano, roketi zimeruka pale kutoka mwaka 1967 mpaka 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, iliruka pale setelaiti ya Marekani ambayo wakaipa jina Uhuru, kwa Kiswahili hivyo hivyo, na ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutazama miale ya eksirei angani. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na kimojawapo kilichochunguzwa kwa msaada wake ndo kikaja kuwa cha kwanza wanasayansi kukubaliana kuwa ni shimo jeusi, yaani kitu cha angani chenye mvuto mkali mpaka hata mwanga hautoki. Na kiongozi wa mradi huo upande wa NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, injinia, na ndiye aliyependekeza hilo jina. Kwa hiyo mwanamke ameshafanya kazi ya roketi hapo hapo baharini mnapovulia samaki, kabla wewe na mimi hatujajua kusoma pengine.

Muulize msichana kwa nini Waitaliano walitoka kwao wakaja mpaka Ngomeni. Kama hajui mpe mpira na alama ya chaki auzungushe, aone alama iliyo katikati ya mpira inakimbia mzunguko mkubwa na iliyo karibu na juu inatembea mzunguko mdogo. Kwenye mstari wa ikweta, na Ngomeni iko karibu nao, ardhi inazunguka kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa, roketi inayoruka hapo kuelekea mashariki inapewa msukumo wa bure. Ndo maana pwani yenu ni mali.

Sasa habari ya kitu cha maana. Kenya ina shirika lake la anga tangu 2017, na Aprili 2023 setelaiti ya Taifa-1 iliyosanifiwa na mainjinia Wakenya iliruka kutoka Marekani, kazi iliyopewa ni kupiga picha za mashamba, misitu na mafuriko. Kuna Susan Murabana ambaye na mumewe wanazunguka na darubini kubwa kwenye mashule, watoto wanaiona sayari ya Sarateni (Saturn) na pete zake kwa macho yao, muombe mwalimu mkuu awaandikie, aliyewahi kunyimwa kwa kuomba hayupo. Cha kufuatilia zaidi ni hesabu yake, kwa sababu akimaliza gredi ya tisa atachagua njia ya sekondari ya juu, na ile ya sayansi na uhandisi si kila shule ina masomo yake yote, ulizeni mapema shule za karibu zina nini msije mkafika mlangoni mkaambiwa hapa fizikia hakuna mwalimu.

Na wewe ni fundi wa mashua. Unajua kwa nini mbao ya upande huu inapinda na ile inapasuka, unajua mzigo ukae wapi chombo kisilale. Siku ukiwa kazini mpe futi ya kupimia akuhesabie. Injinia wa kwanza kumuona awe baba yake.

Ya haraka haraka sasa maana nafasi inaisha.

Baba wa Tabora mwenye mtoto kiziwi, unauliza kama sayansi anaiweza. Anaiweza, na praktikali ni kitu cha kuona, ana nafasi nzuri kuliko kwenye somo la kusimuliwa. Muombe mwalimu asiongee akiwa ameugeukia ubao, mtoto akae mbele pembeni ambapo anaona mwalimu na wenzake wote, na maelekezo ya kuwasha moto au kugusa kemikali aandikiwe kabla ya kuanza. Wale wanafunzi wa Keriko niliowataja walitengeneza kifaa cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu, wakakipeleka mashindanoni. Mtoto wako anajua vizuri kuliko wao kifaa kinachofuata kiwe cha nini.

Mama wa Kahama, tablet siyo lazima. Kama simu janja iko nyumbani, vitabu vya kiada vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, na Shule Direct wana masomo ya sekondari kwa maelezo mepesi. Bando la wiki linatosha kama TikTok itasubiri. Hela ya tablet nunua meza, kiti na taa ya sola.

Na wewe kaka wa Mbagala ambaye mwanao wa miaka 11 kafungua simu yako mpya "aone umeme unapita wapi", simu pole sana, hiyo hairudi. Usimpige, nenda kwa fundi redio wa mtaani umuombe mabaki, redio mbovu, remote, feni ya kompyuta, akupe na bisibisi ndogo, mtengenezee boksi lake. Masharti mawili tu: chochote kilichochomekwa kwenye soketi hakiguswi, na tv ya kichogo haifunguliwi hata kama imezimwa wiki nzima, maana ndani yake inatunza umeme wa kuua mtu. Betri ya simu iliyovimba nayo mnyang'anye. Vingine vyote mwache avifumue, na simu yako weka lock.